Mshana, Jina la Wahunzi

Jina la Mshana, ambalo katika mji wa Same leo hubebwa na mwalimu, na tabibu, na hata mtu asiyepata kushika nyundo maishani mwake, asili yake ni ukoo wa Washana, mafundi wa chuma wa Ugweno, kaskazini ya milima ya Upare. Wazee hao walikuwa wakikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, na majembe yao yakafika hata Uchagani. Uhunzi ukawapa enzi. Lakini, kama alivyoeleza marehemu Profesa Isaria Kimambo katika tarehe yake ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, uliwapindua katika zama za karne ya 16.

Makaburu nao wana jina la Smit, yaani mhunzi, walilolirithi kwa Waholanzi. Walakini Smit wawili si lazima wawe na nasaba moja, kwani kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, ilhali Mshana hutaja ukoo kwanza, kazi baadaye. Ama jina la washindi, Watanzania wote walilizoea kwa Cleopa Msuya, aliyeshika uwaziri mkuu mara mbili.