Kutoka stensili hadi simu: walimu wa Mombasa bara wanavyopeana kazi

Mombasa bara ni ng'ambo tatu, na kila moja imetengwa na mwenzake kwa maji. Likoni wanavuka kwa feri, Kisauni wanapita daraja la Nyali, Changamwe wanaingilia Makupa. Mwalimu wa Mtongwe, Likoni, aliyetaka kumwona mwenzake wa Bamburi, Kisauni, ilibidi aingie kisiwani kwanza, ashuke, apande gari jingine, kisha avuke maji tena. Barabara ya Dongo Kundu imeanza kuisogeza Likoni karibu na Miritini, upande wa Changamwe, lakini hiyo ni habari ya juzi. Kwa miaka mingi kuvuka kulikuwa shughuli ya siku nzima, na mara nyingine msiba: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa.

Kwa hivyo historia ya teknolojia katika shule za huku haianzi na kompyuta. Inaanza na mwalimu aliye peke yake darasani, ana swali kuhusu somo la kesho, na hana wa kumuuliza.

Upweke huo ni wa zamani. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha kijiji cha Frere Town, upande wa Kisauni, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Miongoni mwa waliofanya kazi pale na katika misheni ya Rabai walikuwamo Waafrika waliolelewa na kusomeshwa Nasik, India, akina William Jones na Ishmael Semler, ambao mwaka 1885 walipewa ushemasi na Askofu Hannington. Walikuwa wachache, na aliyetaka kushauriana na mwenzake alitegemea barua au miguu yake.

Kisiwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliona njia nyingine. Mwaka 1930 alitoa kijigazeti cha Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, na elimu ilikuwa mojawapo ya hoja alizozirudia sana. Mjadala wa namna ya kusomesha watoto ukatoka barazani ukaingia kwenye karatasi, na karatasi huvuka maji bila mwenyewe kuvuka. Sheikh Al-Amin akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, lakini mimi naamini kazi yake ya gazeti ndiyo iliyofika mbali zaidi ya cheo hicho.

Baada ya uhuru, shule ziliongezeka haraka kuliko walimu waliofunzwa. Wengi waliosimama mbele ya ubao walikuwa wa daraja la P3, waliomaliza shule ya msingi na kupata mafunzo kidogo. Kuwatoa wote darasani ili wakasome upya kungefunga shule. Mwaka 1967 Chuo Kikuu, wakati huo kikiitwa University College Nairobi, kikaanzisha kitengo cha masomo kwa posta huko Kikuyu, kwa msaada wa Marekani. Mwalimu alipokea masomo yaliyochapwa, akayasoma usiku, akajibu maswali, akatuma majibu kwa posta, na akasikiliza vipindi vya redio vilivyokwenda sambamba na masomo hayo kupitia Sauti ya Kenya. Aliyefaulu alipanda hadi P2, na mshahara ukapanda naye.

Ulikuwa mpango mzuri, na uliwainua walimu wengi. Lakini tazama mwelekeo wake: maarifa yalitoka Kikuyu yakaja kwa mwalimu, na majibu yakarudi Kikuyu. Mwalimu wa Likoni na mwalimu wa Changamwe waliosoma somo lile lile juma lile lile hawakuwa na njia ya kujuana. Vipindi vya redio vya shule vilifuata mkondo huo huo. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini, watoto wakijibu sauti inayotoka kwenye kisanduku. Mwalimu alishika redio, akaangalia betri, akafuata maagizo. Yeye mwenyewe hakuulizwa kitu.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa chumba. Katika miaka ya 1970 Kenya ilianza kujenga vituo vya ushauri kwa walimu, ambavyo kila mwalimu anavijua kwa jina la TAC. Kila zoni ya elimu ilipata kituo chake, mara nyingi chumba kimoja ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na msimamizi wake akaitwa TAC tuta. Ndani mlikuwa na rafu ya vitabu, chati, meza ndefu, na katika vituo vilivyobahatika, taipureta na mashine ya stensili.

Mashine hiyo inastahili kuelezwa kwa wale waliozaliwa nyakati za printa. Mtihani ulipigwa taipu juu ya karatasi laini yenye nta, utepe wa wino ukiwa umeondolewa, ili herufi zitoboe nta. Ukikosea, unapaka rangi nyekundu ya kufutia, unapuliza ikauke, kisha unapiga herufi upya juu yake. Michoro ya sayansi ilichorwa kwa kalamu ya chuma, polepole, maana stensili ikichanika kazi yote imeharibika. Kisha stensili inavishwa kwenye pipa lenye wino, mkono unazungusha, na karatasi zinatoka moja moja zikiwa bado mbichi. Walimu walitoka hapo na vidole vyeusi.

Lakini ili mtihani wa zoni uchapwe, ilibidi uandikwe kwanza, na hauandikwi na mtu mmoja. Wa Hisabati alikaa na wa Hisabati wa shule nyingine wakabishana kama swali la 14 ni gumu mno kwa Darasa la Sita. Wa Kiswahili walivutana juu ya ngeli. Baada ya kusahihisha walikutana tena kuona ni wapi watoto wa zoni nzima wameanguka, na ni shuleni kwa nani ambako hawakuanguka, na alifanyaje. Hapo mwalimu alizungumza na mwalimu mwenzake kuhusu kazi yenyewe, bila mkaguzi kati yao. Yote yaliyofuata, hata haya ya simu, yameota kwenye mizizi ya TAC, na nasikitika kwamba hakuna aliyefikiria kuweka kumbukumbu za vituo hivyo. Karatasi zile zimefungiwa mandazi.

Mwanzoni mwa karne hii serikali ilijaribu kujenga juu ya msingi huo. Mwaka 2001 ulianza mpango wa kuwaendeleza walimu wakiwa kazini, ambapo kila shule ya msingi ilitoa walimu wa Hisabati, Kiingereza na Sayansi, wakasoma kwa moduli na kukutana katika vikundi kwenye TAC, kisha wakarudi kuwafunza wenzao. Kwa upande wa sekondari kulikuwa na SMASSE, mradi wa Hisabati na sayansi uliosaidiwa na Japani tangu 1998 na kuenea nchi nzima mwaka 2003. Walimu wa sayansi wanaukumbuka kwa jambo moja: kubuni vifaa kwa vitu vilivyopo. Chupa ya maji ikawa bika, msumari na waya vikawa sumaku. Wizara ilijaribu pia kutumia SMS kuwafikia walimu wa msingi kote nchini katikati ya muongo huo, wakati ambapo simu nyingi za walimu zilikuwa zile za kitufe na tochi.

Kisha mwaka 2009 ukaja, na Mombasa ikawa mojawapo ya milango ya intaneti ya Afrika Mashariki. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika pwani hii mwaka huo, na kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Nyaya hizo zilitua katika mji huu huu. Ungedhani shule za Kisauni na Likoni zingekuwa za kwanza kufaidi. Lakini intaneti ilipita hapa kama mizigo ya bandari ya Kilindini inavyopita: ikashuka, ikapakiwa, ikaenda zake Nairobi. Mwaka uliofuata mpango wa serikali wa kuinua uchumi ulitenga kompyuta kwa shule 5 za sekondari katika kila eneo bunge. Kwa hesabu ya wakati ule, Likoni, Kisauni na Changamwe zilistahili shule 15 kwa jumla. Shule za msingi, ambako watoto ni wengi zaidi, zilisubiri hadi 2016, vishikwambi vya DLP, mpango wa serikali wa masomo ya kidijitali, vilipoanza kugawiwa Darasa la Kwanza. Vingi vilifungiwa kabatini kwa hofu ya wizi, kwa kukosa umeme wa uhakika, na kwa sababu mwalimu alifunzwa haraka haraka kuvitumia.

Kwa walimu wenyewe, teknolojia ya miaka hiyo ilikuja na sura ya usimamizi. Kuanzia 2016 tume ya walimu, TSC, iliwataka wajaze mtandaoni kila muhula TPAD, tathmini ya utendaji kazi wao, na ilikuwa kawaida kuwakuta walimu kwenye saiba jioni, foleni, kila mmoja akilipia dakika zake. TAC tuta, ambaye sasa anaitwa CSO, yaani afisa wa kusaidia mtaala, alipewa kishikwambi chini ya Tusome, mradi wa kufundisha kusoma ulioanza nchi nzima mwaka 2015. Hapo ninatoa sifa bila kusita. CSO alikaa nyuma ya darasa la kwanza au la pili, akafuatilia somo la kusoma kwenye kishikwambi, akawasikiliza watoto watatu wakisoma, kisha akakaa na mwalimu kumweleza alichokiona. Kifaa kilimsaidia kujua la kusema, na mazungumzo yakabaki ya watu wawili.

Wakati huo huo, bila mradi wala mfadhili, walimu walikuwa wanajijengea TAC nyingine mfukoni. Makundi ya WhatsApp yalianza kama ya harusi na matanga, ya chama, ya waliosoma pamoja chuo cha ualimu cha Shanzu. Kazi ikaingia kidogo kidogo. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika Gredi ya 1 hadi ya 3 mwaka 2019, kazi ikatawala. Vitabu vilikuwa vipya, tathmini ilikuwa mpya, na mafunzo ya siku chache wakati wa likizo hayakumaliza maswali.

Ukiingia katika kundi la namna hiyo Jumapili usiku utakuta hivi. Mmoja anaandika: "Walimu hamjambo, mwenye maazimio ya Gredi 4 Sayansi muhula wa pili, naomba." Dakika chache baadaye faili inashuka. Mwingine anatuma picha ya abakasi aliyoitengeneza kwa vizibo vya soda na kijiti cha kuti. Wa tatu anauliza mtoto aliyeweza nusu ya kazi anaingizwa ngazi gani kwenye rubriki, na hapo mjadala unawaka hadi saa nne, kuna anayejibu kwa sauti kwa sababu amechoka kuandika, na nyuma ya sauti unasikia mtoto wake akilia. Wako Likoni, Mishomoroni na Chaani. Wengine hawajawahi kuonana ana kwa ana, lakini wanaitana mwalimu na madam kwa heshima ile ile ya stafu rumu.

Korona iliwakuta wakiwa tayari. Tarehe 15 Machi 2020 shule zote ziliamriwa zifungwe, na tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa ikazuiwa watu kuingia na kutoka hadi Julai. KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ilirudi kwa redio na runinga, mkondo ule ule wa 1967 kutoka mahali pamoja kwenda kwa msikilizaji. Ilikuwa sahihi kufanya hivyo, maana nyumba nyingi za Likoni zilikuwa na redio na hazikuwa na intaneti. Ila redio haikumjua mtoto. Aliyemjua ni mwalimu wake, na walimu wengi walitumia bando zao kutuma maswali kwenye simu za wazazi, wakisahihisha kazi zilizopigwa picha gizani, mwandiko ukiwa umelala upande. Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba, wengine wote tarehe 4 Januari 2021.

Mwishoni mwa 2022 serikali ilianza kuwagawia walimu wenyewe vishikwambi. Kwa miaka mingi pesa zilikuwa zimekwenda kwenye vifaa vya mtoto au vya mkaguzi, na kifaa cha kumuunganisha mwalimu na mwalimu mwenzake kilitoka kwenye mshahara wake. Bando bado linatoka huko.

Linalonitia wasiwasi sasa ni uhifadhi. Mwaka 2024, baada ya ripoti ya jopo la Profesa Raphael Munavu, masomo yalipunguzwa: Gredi ya 4 hadi ya 6 yalishuka kutoka 12 hadi 8, na sekondari ya chini kutoka 14 hadi 9. Maazimio ya zamani hayakufutika kwenye simu. Yanaendelea kutumwa kutoka kundi hadi kundi pamoja na mapya, bila tarehe, bila jina la aliyeyaandika, na mwalimu mgeni kazini hana njia ya kutofautisha. Kazi nzuri ya madam wa Kisauni, aliyekesha akiitayarisha, inafika Changamwe ikiwa haina mwenyewe, na kuna wakora wanaoichukua wakaiuza shilingi 50 kwa muhula. Vyumba vya TAC bado vipo, na CSO bado ana funguo. Kompyuta moja, diski moja, na mtu wa kupokea, kuandika jina na tarehe na kupanga kwa somo: hiyo ndiyo kazi ambayo kila zoni ya Mombasa bara ingeweza kuianza muhula ujao.