Watoto Watatu wa Mwisho

Mwaka wa 1963, shule za msingi za Kenya zilikuwa na wanafunzi 891,553. Utaikuta nambari hiyo karibu kila mahali historia ya elimu yetu inapoandikwa, pamoja na mwenzake: shule 6,058. Mimi huwa nakwama kwa hao watatu wa mwisho. Si laki tisa hivi. Watatu. Kuna mtu aliyewahesabu mpaka wa mwisho, au angalau kuna karatasi inayodai hivyo.

Kujua ilikotoka, kumbuka asubuhi zako za shule. Mwalimu wa darasa anafungua rejista, anaita majina, unaitika, anatia alama. Baadaye anajumlisha. Mwalimu mkuu anajaza fomu, fomu inaenda ofisi ya elimu ya wilaya, na wilaya inatuma Nairobi. Kila kituo kuna mtu na kalamu yake, anajumlisha alichojumlisha mwenzake. Kwa miaka mingi, takwimu za elimu za taifa zima zilisimama juu ya mwandiko wa walimu.

Wakoloni nao walipenda kuhesabu. Idara ya Elimu iliundwa mwaka wa 1911, na ripoti zake za kila mwaka zilijaa majedwali. Hata humo watoto hawakuchanganywa: Wazungu kivyao, Wahindi kivyao, Waarabu kivyao, Waafrika kivyao. Huo ni ubaguzi unaouona mara moja. Kuna mwingine uliojificha. Kuhesabu walio darasani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua walio nje. Wazungu walikuwa wakihesabiwa kwenye sensa mapema. Waafrika hawakuhesabiwa nchi nzima mpaka sensa ya 1948. Kabla ya hapo idadi yao ilikisiwa tu, sana sana kwa kutumia hesabu za kodi ya nyumba. Hebu fikiria hapo kidogo. Serikali ilijua ni nyumba ngapi zinadaiwa kodi kabla haijajua ni watoto wangapi wanalala ndani. Ukiiuliza ni watoto wangapi Waafrika hawasomi, haikuwa na jibu, na swali lenyewe halikuwa likiisumbua sana.

Uhuru ulipokuja, tume ya kwanza ya elimu ilipewa Simeon Ominde, msomi wa jiografia ambaye baadaye aliandika mengi kuhusu idadi ya watu. Hiyo ni bahati au ni akili, sijui, lakini napenda kwamba swali la shule liliwekwa mikononi mwa mtu anayejua kuuliza "wangapi, na wako wapi?"

Halafu siasa ikagundua utamu wa nambari. Kenyatta aliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza, na kati ya 1973 na 1974 wanafunzi wa shule za msingi wakaruka kutoka kama milioni 1.8 hadi milioni 2.7 hivi. Shule zikafurika, na kwa kuwa hakukuwa na pesa za kutosha, wazazi wakaanza kudaiwa ada ya majengo. Wengi waliokuja wakaondoka. Kuingia kwao kulikuwa habari kubwa. Kutoka kwao kukawa tarakimu ndani ya jedwali ambalo nani atalifungua? Moi alipofuta ada hiyo mwaka wa 1979 na kuleta maziwa ya shule, nambari zikaruka tena.

Lakini kilichogeuza kabisa kazi ya kuhesabu ni 2003. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza chini ya Kibaki, wanafunzi walipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na kila mmoja akawekewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Tangu hapo kichwa cha mtoto kikawa na bei. Zamani mwalimu mkuu akikosea kujumlisha, ilikuwa makosa ya hesabu. Kwa mgao huo, wanafunzi ishirini wa kubuni walikuwa shilingi 20,400. Ndipo tukaanza kusikia habari za wanafunzi hewa, watoto ambao hawachafui sare wala hawavunji madirisha, lakini mgao wao unafika bila kukosa.

Na kuna mzee aliyeharibu hesabu kwa nia njema kabisa. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mnamo Januari 2004, akisema ana miaka 84. Wizara hupima uandikishaji kwa kugawanya wanafunzi wote na idadi ya watoto wenye umri wa shule. Maruge alikuwa juu ya mstari, chini hayumo. Weka pamoja naye maelfu ya vijana waliorudi darasani wakiwa wameshapita umri, na utaelewa kwa nini Kenya iliwahi kuandikisha zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake huku wengine wakiwa bado mitaani. Hakuna aliyedanganya. Hesabu ndivyo inavyofanya kazi.

Mwaka wa 2017 Wizara ikaleta NEMIS, mfumo wa mtandaoni unaompa kila mwanafunzi nambari yake ya UPI. Swali likabadilika kutoka "wangapi?" hadi "nani?" Shabaha ilikuwa wezi, na mimi siwatetei. Shida ni kwamba mfumo ulidai cheti cha kuzaliwa. Mtoto hewa anaweza kutafutiwa karatasi na mjanja. Mtoto wa kweli aliyezaliwa nyumbani, kilomita nyingi kutoka kwa ofisi ya usajili, karatasi hana. Maruge mwenyewe hakuwa na hati ya kuthibitisha umri wake. Angekuja baada ya NEMIS, angekaa darasani lakini mgao wake usingefika.

Sasa kuna mwingine, KEMIS, uliotangazwa kuchukua mahali pake. Rafiki yangu mmoja anafundisha shule ya msingi ambayo sitaitaja. Ana orodha ya mfumo, iliyochapishwa vizuri, na nyuma ya daftari lake ana majina mengine matano kwa penseli. Kila asubuhi anaita ya kwanza, kisha anageuza daftari na kuita yale matano.