Ombi la Wavuti na Mifano Inayogoma

Katika itifaki ya HTTP, programu inayotaka ukurasa hutuma ujumbe kwa seva, nayo seva hujibu. Ujumbe huo wa kwanza ndio ombi la wavuti. Ungeweza kuitwa agizo au amri, na katika mazungumzo mara nyingi utasikia "rikwesti" tu. Nashikilia kwamba ombi ndiyo istilahi bora, kwa sababu humwelekeza mwanafunzi mahali pa kutafuta kasoro pale mfano alionakili kutoka kwenye mwongozo wa lugha ya programu unapogoma.

Mwongozo wa Python, katika moduli ya urllib.request, una mfano unaofungua tovuti ya python.org kwa urlopen na kuchapisha baiti 300 za mwanzo. Mwanafunzi akiweka anwani nyingine, huenda akapata kosa 403 ilhali ukurasa huohuo unafunguka vizuri kwenye kivinjari. Anayeiona mistari ile kama amri atahangaika kusahihisha msimbo usio na kosa. Anayeiona kama ombi ataelewa kuwa limefika, likasomwa, likakataliwa. Basi atauliza limejitambulishaje. Moduli hiyo isipoelekezwa vingine hujitaja kwa jina Python-urllib, na baadhi ya seva hulikatalia jina hilo. 404 nayo ni jibu: seva ipo, kilichoombwa hakikupatikana. Lakini kosa la URLError lisilo na namba ya hali kwa kawaida huashiria kwamba seva haikufikiwa, pengine jina lake limekosewa au mtandao umekatika. Kwa kuwa HTTPError, yaani kosa lenye namba ya hali kama 403 au 404, ni aina mojawapo ya URLError, HTTPError ndiyo hutangulizwa katika kunasa makosa, la sivyo kukataliwa na kutofika vitachanganywa. Na matokeo yakianza kwa herufi b, ombi limefaulu. Kilichobaki ni kugeuza baiti kuwa maandishi kwa decode.

Atakayepinga atasema neno hili ni la kunyenyekea mno kwa mashine, na tayari lina kazi kwenye sala na barua za ajira. Lakini maana hiyo ya kawaida ndiyo inayolipa nguvu: kila mwombaji anajua anaweza kunyimwa. "Rikwesti" hutamkika kwa urahisi, ila haimfunulii chochote asiyejua Kiingereza. Majina ya moduli yabaki yalivyo ndani ya msimbo. Maelezo yawe ya Kiswahili. Na anayeandika mwongozo kwa lugha yetu aonyeshe, chini ya kila mfano wa ombi, namna linavyoweza kukataliwa pamoja na namna linavyokubaliwa.