Bastola 500 za Kampuni ya Vyerehani

Jina la Singer likitajwa Mombasa au Tabora, linalokuja akilini ni fundi barazani, miguu yake ikikanyaga, na cherehani cheusi chenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Mkusanyaji wa bastola za kale nchini Marekani akilisikia jina hilohilo, anaacha kula. Kwake yeye Singer ni bastola 500 tu, basi.

Bastola yenyewe haikubuniwa na Singer. Ni kazi ya John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki wa mji wa Ogden, Utah. Jeshi la Marekani liliipokea tarehe 29 Machi 1911, baada ya kuijaribu kwa risasi 6,000 isikwame hata mara moja, ndipo ikaitwa M1911. Ni nusu-otomatiki: nguvu ya risasi inayotoka huisukuma nyuma sehemu ya juu, yaani slaidi, ganda tupu linaruka nje, springi inairudisha slaidi mahali pake, na njiani inazoa risasi nyingine kutoka kwenye magazini iliyofichwa ndani ya mpini. Yote hayo kabla mpigaji hajapepesa jicho. Miaka ya 1920 ilirekebishwa kidogo, ikawa M1911A1.

Mwaka 1938, vita vikinukia Ulaya, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuvipa viwanda vya kiraia oda ndogondogo za silaha, ili vijifunze mapema. Singer ilipata yake mwaka 1940. Kiwanda chake cha Elizabeth, New Jersey, kilitengeneza bastola 500 kamili, kuanzia namba S800001 hadi S800500, kikaishia hapo. Mafundi waliozoea vipuri vidogo vya vyerehani walionekana wanafaa kazi nyingine, ya mitambo ya kulengea mizinga ya kutungua ndege.

Kazi ya bastola ikaangukia wengine, nao si watu wa silaha wote. Remington Rand walikuwa watengenezaji wa taipureta. Wakatoa zaidi ya 850,000. Union Switch & Signal, mafundi wa ishara za reli huko Pennsylvania, walitoa takriban 55,000. Shabaha ya jeshi ilikuwa moja: kipuri cha kiwanda hiki kiingie kwenye bastola ya kiwanda kile bila kupigwa tupa. Mwaka 1943 kazi ya Remington Rand ilisimamishwa kwa muda kwa sababu vipuri vyao vilikuwa havikubaliani na vya wenzao.

Hapo ndipo mkusanyaji na jeshi wanapopishana. Jeshi lilitaka bastola isiyojali vipuri vyake vimetoka wapi. Mkusanyaji anamwaga fedha ili kila kipuri kiwe kimetoka palepale. Singer halisi imeshauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000, na penye bei ya namna hiyo matapeli hawakosekani. Kwa hiyo mnunuzi huja na kioo cha kukuzia. Anatafuta herufi JKC ubavuni, za Kanali John K. Clement, ofisa wa jeshi aliyezipitisha bastola hizo. Anatazama maandishi ya S. MFG. CO. kwenye slaidi: herufi iliyogandamizwa kiwandani huwa imekisukuma chuma pembeni, ilhali iliyochongwa baadaye hukikwangua. Rangi nayo lazima iwe ileile ya kwanza. Bastola iliyochubuka kiasili ina thamani zaidi kuliko iliyong'arishwa upya ikapendeza, jambo linalowauma sana warithi waliodhani wanaifanyia hisani bastola ya baba.

Adui mkubwa wa wakusanyaji, hata hivyo, si tapeli. Ni karakana za jeshi. Bastola zilizochakaa zilifunguliwa, vipuri vikasafishwa na kuchanganywa, kisha zikaunganishwa kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono wa fundi. Slaidi ya Singer ikaweza kutoka imekalia fremu ya kiwanda kingine, nayo ikafanya kazi barabara, kama ilivyokusudiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, raia wanachama wa chama cha walenga shabaha waliuziwa M1911 za jeshi kwa dola 17 kila moja, zikiwafikia kwa posta. Wengi walizitaka za kulengea makopo matupu nyuma ya nyumba. Aliyefungua kifurushi chake hakuwa na sababu ya kuvaa miwani kwanza ili asome chuma kimeandikwa nini.