Ringi ya flaiwili

Ringi ya flaiwili, au ringi gia, ni duara la feleji lenye meno linalovikwa ukingoni mwa flaiwili ili stata ipate pa kuuma injini inapowashwa. Kwenye matrekta mengi haifungwi kwa bolti wala haichomelewi. Kipenyo chake cha ndani ni kidogo kuliko cha flaiwili kwa sehemu ya milimita, na kubana huko ndiko kunakoishikilia; kwa hiyo huvikwa ikiwa ya moto.

Kuchakaa

Meno hayaliki sawasawa. Injini ikizimwa husimama pale mgandamizo wa silinda unapoizuia, hivyo stata huuma karibu mahali palepale kila asubuhi. Injini ya silinda nne hulika sehemu mbili zinazokabiliana. Ya silinda tatu, kama Perkins AD3.152 ya Massey Ferguson 135, hulika sehemu tatu. Dalili yake ni stata kulia kwa ukali bila kuzungusha injini, kisha kushika flaiwili ikisogezwa kidogo.

Kuvua

Trekta hutenganishwa katikati, injini mbali na gia boksi, na klachi hutolewa. Ringi kuukuu hutobolewa kwa drili kati ya meno mawili, bila kuigusa flaiwili, kisha hupasuliwa kwa tindo.

Kuvika kwa joto

Ringi ya feleji yenye kipenyo cha milimita 350 ikiongezewa joto la nyuzi 200 za Selsiasi, kipenyo hukua kwa takriban milimita 0.8. Nafasi hiyo yatosha kuishusha bila nyundo nzito. Flaiwili haipashwi, husuguliwa ukingo kwa brashi ya waya, kwani hata tabaka dogo la kutu huikalisha ringi upande.

Roho ya kazi hii ni kipimo cha joto. Nyuzi 200 hadi 250 zatosha. Feleji iliyosuguliwa ikang'aa hugeuka rangi ya majani makavu karibu na nyuzi 220, na buluu karibu na 300. Ikifika buluu imepitiliza: ugumu ambao meno yalipewa kiwandani umeanza kupotea, na ringi mpya italika mapema. Oveni ndiyo bora, kwa sababu hupasha pande zote sawa. Kwenye karakana nyingi kilichopo ni moto wa gesi na oksijeni, nao huharibu ringi nzuri mikononi mwa fundi mwenye haraka. Mwali upite upande wa ndani, uzungushwe bila kusimama, usielekezwe menoni.

Ringi hushushwa upesi kwa koleo, ncha za meno zilizochongwa zikielekea inakotokea pinioni ya stata, kisha hugongwa taratibu kwa kipande cha shaba hadi ikae kwenye bega la flaiwili mzunguko wote. Ikinasa nusu njia, huvuliwa na kupashwa upya. Huachwa ipoe hewani. Maji huweza kuipinda au kuipasua.

Historia

Wahunzi walivika magurudumu ya mikokoteni mataji ya chuma kwa njia hiyohiyo. Stata ya umeme ilipata umaarufu na gari la Cadillac la 1912, ingawa trekta la Fordson la 1917 bado liliwashwa kwa hendeli.

Upatikanaji

Ringi za matrekta ya zamani ya Massey Ferguson na Ford bado huuzwa madukani kwa wauza vipuri.