Picha za mandhari, nyika ya Mkomazi

Upigaji picha za mandhari katika nyika ya Mkomazi, wilayani Same, hutegemea upepo na mawingu kuliko wanyama. Mkomazi, pori la akiba tangu 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008, iko mashariki ya Milima ya Upare na inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Kwa hiyo jua la asubuhi huimulika mikunjo ya milima. Jioni milima hubaki kivuli cheusi tu, nacho si kibaya.

Wengi huikata picha nusu kwa nusu, nyasi chini, anga juu, ikapooza. Mawingu yakijaa, anga lipewe theluthi mbili. Likiwa tupu, mstari wa upeo upandishwe.

Upepo wenyewe haupigiki picha, hupigwa nyasi. Shata ikiachwa wazi 1/15 ya sekunde, masuke hugeuka kama moshi wa dhahabu, huku shina la mgunga likitulia na gome lake likionekana vizuri. Stendi ndefu hutikisika. Afadhali kulaza kamera juu ya kifuko cha maharage dirishani mwa gari, injini ikiwa imezimwa. Lenzi isibadilishwe nje: vumbi la Same halibishi hodi.