Manjano ya Watoto Wachanga na Hatari ya Kupoteza Usikivu

Manjano ya mtoto mchanga ni hali ya ngozi na weupe wa macho kugeuka rangi ya njano kutokana na wingi wa bilirubini katika damu. Bilirubini hutokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, na ini la mtoto aliyetoka kuzaliwa bado halina uwezo kamili wa kuiondoa. Hali hii haihusiani na homa ya manjano, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ingawa majina hayo huchanganywa mara kwa mara.

Takribani watoto 60 kati ya 100 waliotimiza miezi tumboni, na 80 kati ya 100 waliozaliwa njiti, hupata manjano katika wiki ya kwanza. Kwa walio wengi huisha yenyewe. Kwa wachache, bilirubini hupanda kupita kiasi, ikapenya kwenye ubongo na kuidhuru njia inayopeleka sauti kutoka sikioni. Sikio lenyewe huweza kubaki zima. Mtoto wa namna hiyo anaweza kushtuka mlango unapobamizwa, lakini baadaye asitambue maneno. Ndiyo maana kumpigia makofi nyuma ya kichwa si kipimo cha kutegemewa.

Kwa wakazi wa Masasi na Newala, jambo la kuzingatia zaidi ni siku. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa mapema, ilhali bilirubini hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, mtoto akiwa tayari nyumbani, pengine katika kijiji cha mbali juu ya uwanda wa Makonde. Hudhurio la siku ya tatu kliniki, ambalo familia nyingi huliona dogo, ndilo linaloweza kuokoa usikivu wake.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, rangi hiyo hutazamwa kwenye weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, mchana penye mwanga wa kutosha. Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni ya hatari daima. Mtoto anayelegea, anayekataa kunyonya, anayelia kwa sauti kali isiyo ya kawaida au anayejikunja mgongo kwa nyuma afikishwe hospitali siku hiyo hiyo: Newala, Mkomaindo mjini Masasi au Ndanda, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Ligula, Mtwara. Usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga huombwa kwa kupiga namba 115 bila malipo.

Kumwotesha mtoto jua la asubuhi si tiba ya manjano makali, na saa zinazopotea hapo hazirudi. Tiba ni mwanga maalumu wa buluu, uliotokana na uchunguzi wa hospitali ya Rochford, Uingereza, katika miaka ya 1950, muuguzi alipobaini kuwa ngozi ya mtoto iliyopigwa na jua ilipungua unjano. Hali ikizidi, mtoto hubadilishwa damu. Wakati wote huo aendelee kunyonya.

Wapo watoto waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaoonekana zaidi katika maeneo yenye historia ya malaria. Kwao, nguo au mablanketi yaliyohifadhiwa kwa vidonge vya naftalini huweza kuvunja chembe za damu ghafla. Ni tahadhari isiyo na gharama: nguo za mtoto zisiwekwe pamoja na vidonge hivyo.

Mtoto aliyepata manjano makali hajamaliza matibabu kwa kuruhusiwa tu. Anahitaji kipimo cha usikivu kinachosoma mwitikio wa neva na shina la ubongo, kwa kuwa kile kinachopima mwangwi wa sikio pekee huweza kuonesha majibu mazuri yasiyo ya kweli. Tatizo linapaswa kuthibitishwa kabla ya miezi 3, na msaada kuanza kabla ya miezi 6, iwe ni kifaa cha usikivu, upandikizaji unaofanyika Muhimbili tangu mwaka 2017 kwa wanaofaa, au familia kuanza kujifunza lugha ya alama. Mzazi ahakikishe taarifa za manjano hayo zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na azitaje katika chanjo ya wiki ya 6 hata asipoulizwa.